Kitambaa Cheusi cha Skola

Mpaka leo naikumbuka asubuhi ile, mwanangu, niliporudi kazini kutoka kumzika mdogo wangu Skolastika, nikakuta sehemu yake bado ina uhai ndani ya kisahani cha maabara.

Usishangae, nitakueleza polepole. Mama yangu tumemzika majuzi hapa kijijini Kate, na wewe unafunga mizigo kwenda chuo kikuu. Ningependa uondoke na habari hii.

Elimu yangu ni darasa la saba. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, mitumba imejaa kila soko, na vijana wa Ufipa kila mmoja anatafuta pa kutokea. Mimi nilipata kazi Dar es Salaam, kuosha vyombo katika maabara ya chuo kikuu. Kijana mmoja msomi, Renatus, alinitania kila asubuhi: "Mtu wa Sumbawanga, usituloge leo, mashine zenyewe ni za msaada!"

"Nikitaka kukuloga," namjibu, "nitaanza na huo mdomo."

Mkuu wa maabara alikuwa mama wa makamo kutoka Bukoba. Tulimwita Daktari tu. Alichunguza jinsi mwili unavyojirekebisha. Alinieleza kwamba ndani ya kila seli ya mwili mna vinasaba, yaani maagizo tuliyorithi kwa baba na mama. Jua huvichubua kila siku, na kila siku mwili huviziba palipochubuka, kama mwenye nyumba ya nyasi anavyochomeka nyasi mpya kabla ya mvua. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ila wapo watu wachache, akasema, wanaozaliwa bila fundi huyo wa kuziba.

Niliweka chupa chini. Akilini nilimwona Skola. Tangu utoto jua lilimtia madoa, likamtoa vidonda usoni, likamuumiza macho. Wengine nyumbani walisema amelogwa. Wengine walisema anakwepa shamba, na kwetu, mwanangu, unajua mtoto asiyeshika jembe anavyosemwa.

Nikaandika barua nyumbani, mama akamleta Dar. Madaktari wa ngozi wakathibitisha kuwa ni ugonjwa huo. Daktari hakutuahidi kitu. "Dawa sina," alisema. "Mfunikeni jua. Hilo ndilo ninalolijua." Kisha akaomba kipande kidogo cha ngozi ya mkono, si kikubwa kuliko punje ya mtama, aoteshe seli zake na kuzichunguza. Mama alikubali. Skola naye alikubali, akacheka: "Basi na mimi nimefika chuo kikuu!"

Waliporudi nyumbani, mama alizama kwenye mitumba ya Sumbawanga mjini. Akapata kofia pana, glovu, mashati ya mikono mirefu, na kitambaa cheusi chepesi cha kufunika uso. Skola akawa anapalilia jua likishatua. Watu walimcheka njiani: "Bibi harusi, bwana harusi yuko wapi?" Naye anawajibu, "Ameona sura zenu, amekimbilia Zambia!" Kitambaa kile kilimwongezea miaka, na ilikuwa miaka mizuri. Lakini jua lilikuwa limeshamtangulia. Akafa bado msichana.

Ndiyo nikarudi kazini asubuhi ile. Renatus hakunitania. Alinishika bega. "Pole sana, ndugu yangu. Seli zake bado zinaota. Ila mama usimwambie. Ya nini kumtonesha kidonda?"

Alisema kwa huruma, mwanangu, tena huruma ya kweli. Nami nilikuwa naelekea kumwitikia. Daktari alikuwa mlangoni, amesikia.

"Renatus," alisema, "kwenu mtu akikuazima jembe, halafu akafa, unafanyaje?"

"Nalirudisha msibani."

"Na kama bado una shamba la kulima?"

Renatus akainamisha kichwa. "Nalirudisha kwanza. Wenyewe wakipenda, watanipa tena."

"Basi hili jembe mwenyewe amekufa. Hakuna kulima."

Akasimamisha kazi yote ya seli zile, akazihifadhi kwenye baridi kali. Chuo kilipofungwa akasafiri nami kwenda kumwomba mama. Treni hadi Mbeya, kisha tukapanda lori kupitia Tunduma, tukiteleza na tope hadi mifupa ikauma. Njiani aliniomba nimfundishe salamu yetu. Alipofika mbele ya mama, akachuchumaa na kupiga makofi taratibu, kama mtoto wa nyumbani.

Mama alikuwa anapepeta ulezi. Alisikiliza yote, ungo mkononi.

"Mnazifanyia nini hizo seli?"

"Tunazimulika kwa mwanga unaofanana na wa jua, mama. Tunataka tuone zinashindwa wapi kujiziba."

Ungo ukasimama. "Mimi nimemficha jua maisha yake yote. Wewe unamwanika?"

Moyoni nilimwomba Daktari alainishe, aseme kwamba yule si Skola, ni seli tu. Hakulainisha.

"Ndiyo, mama. Namwanika. Nazo seli hazisikii maumivu, hilo nina hakika nalo. Ukisema niache, naacha, na nitakuletea zote uzizike pamoja naye."

"Na watoto wa wenzangu watapona?"

"Sijui. Huenda wakapona mimi nikiwa nimeshakufa. Huenda wasipone."

Mama aliingia ndani. Tulimsikia akilia, na Daktari akabaki amechuchumaa palepale, hata nilipomletea kigoda. Mama alipotoka, alikuwa na kile kitambaa cheusi.

"Mtoto alisema amefika chuo kikuu," alisema. "Simtoi shule. Lakini mkishamwanika, mfunikeni."

Daktari alikipokea kwa mikono miwili. Kitaalamu hakikuwa na kazi yoyote, sitakudanganya. Alikitundika nje, kwenye kioo cha mlango wa kabati lile la joto ambamo seli zinalelewa, na kikakaa hapo miaka yote niliyofanya kazi pale. Siku moja nilimkuta Renatus, yule wa maneno mengi, anakifua kwa mkono wake.

Hadi leo sijasikia kwamba dawa imepatikana. Mama naye alikuwa ananiuliza kila nikija likizo, "Skola anaendeleaje na masomo?" Namjibu, "Bado anasoma, mama." Hakuchoka kuuliza.

Sasa nisikilize. Huko uendako utafundishwa mambo ambayo mimi siwezi hata kuyatamka. Lakini ukichukua kitu cha mtu, hata kama ni punje, uwe umemwomba. Na mambo yakibadilika, rudi ukaombe tena. Usimfiche mfiwa ukweli kwa kisingizio cha kumhurumia, maana yeye ameshabeba kilicho kizito kuliko ukweli wako. Na ukiulizwa jambo usilolijua, sema sijui. Mama alimwamini Daktari kwa neno hilo, si kwa shahada zake.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akufunike mchana, akulaze vyema usiku. Na pale maisha yatakapokuchubua, maana yatakuchubua, akupe fundi wa kuziba kabla ya mvua.