Vitako vya Mkuyu Mbichi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipokuwa fundi hodari kuliko wote katika Garsen nzima, kwa hesabu yangu mwenyewe. Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa nimemaliza kisomo cha ngumbaru, cheti nimekikunja mara nne mfukoni, na naandika jina langu kwenye kila kitu kilichotulia, hata ndizi. Nilikuwa tarishi wa Bwana mpima ardhi. Nilichokitaka kwa roho yangu yote ni kiti kimoja kilichokuwa wazi ofisini kwake: kiti cha mchoraji ramani.

Bwana alisema kiti hicho kinataka mkono usiotetemeka. Akanipa mtihani. Aliweka mezani sanduku la askari wadogo wa madini ya risasi, urefu wa kidole, wale ambao wazungu huchezea vita juu ya meza. Walikuja na meli vipande vipande, kiwiliwili huku, mkono kule, bunduki chini kabisa. Jeshi la miguu la jangwani, watu sitini. Niwaunge, niwapake rangi ya kaki, kisha niwasimamishe wannewanne juu ya vitako vya mbao vilivyonyunyiziwa mchanga. Mzungu mwenzake Bwana angekuja kucheza naye baada ya wiki nne. Wanakwenda kumpiga nani huko jangwani, sikuuliza, naye hakusema.

"Utahitaji muda gani?"

"Siku tisa, Bwana."

Kwa nini tisa? Sijui mpaka leo. Ilitoka tu, kama chafya.

Kuunga niliunga, mwanangu. Nilichora masharubu kwa unywele mmoja wa mkia wa mbuzi. Ningeambiwa nimvishe mbu viatu, ningemvisha, na kamba zake nikazifunga. Shida ilikuwa mbao. Kutafuta mbao kavu kungenila siku mbili, na nyuma ya ofisi palikuwa na tawi la mkuyu lililokatwa asubuhi ile, bado linatoa utomvu. Nikapasua vitako kumi na tano, nikapiga msasa, vikapendeza. Siku ya tisa nikapanga jeshi barazani, juani, rangi ikauke. Nikaenda sokoni kujisifu.

Niliporudi alasiri, vitako vilikuwa vimejikunja kama ngozi ya samaki kwenye makaa. Askari wamelaliana, mmoja amevunjika mkono, ofisa wao kalala kifudifudi.

Na mjomba Komora amesimama hapo. Huyu ni ndugu wa mama yangu, mchonga mitumbwi wa kijiji cha Hewani, ndiye aliyenilea. Alikuwa ameleta mchele Garsen, akapita kunisalimu. Aliokota kitako kimoja, akakinusa. Nikaanza kumweleza habari za upepo, na mbuzi aliyepita barazani. Yule mbuzi nilimkuza hata akakaribia fahali wa Waorma, wale wafugaji. Mjomba akaniacha nimalize.

"Umekula kwangu miaka kumi na miwili. Mtumbwi nikishauchonga, naufanya nini?"

"Unaufunika majani kivulini, mjomba."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ukauke wenyewe."

"Kumbe unajua. Basi si mbuzi."

Nilikwenda kwa Bwana saa ileile, nikamwambia ni mimi. Hakufoka. Alisema zimebaki siku kumi na tisa, na kiti hakijapata mtu.

Nikafuatana na mjomba hadi Hewani. Chini ya upenu wake palilala mtumbwi mkuukuu uliopasuka, uko pale tangu sijaota meno. Akanikatia kipande cha ubavu wa mtumbwi huo, nikapasua vitako vipya. Niliwabandua askari wale kwa wembe, mmoja mmoja, nikawakwangua nyayo, nikaanza upya. Vidole vikatoka malengelenge. Nikavifunga kitambaa, nikaendelea. Rafiki yangu Guyo, Mworma, kila akipita na ng'ombe wake aliuliza kama jeshi langu limeshaamka. Nikamjibu kwamba bado linavaa.

Jumamosi aliyofika mgeni wa Bwana, walicheza kutwa nzima. Mgeni mwenyewe, mnene kama kiboko wa Ozi, akajikwaa kwenye mguu wa meza. Meza ikaruka, chai ikamwagika. Hakuanguka hata askari mmoja.

Jumatatu Bwana akaniita. Alitandaza ramani ya mto wetu, kutoka Garsen hadi Kau.

"Nakili hii. Utahitaji muda gani?"

Ile tisa ilikuwa tayari imefika ulimini. Nikaimeza. Nikauangalia ule mto, kona baada ya kona, nikazihesabu zote.

"Wiki tatu, Bwana."

Akakivuta kile kiti, nikakaa.

Basi, mwanangu, ukiulizwa kazi itachukua muda gani, itazame kazi kwanza, usitazame uso wa anayekuuliza. Ujuzi ulioupata nyumbani usiuache nyumbani. Na kazi ikiharibika mikononi mwako, usimtafute mbuzi. Ibandue, uanze tena, hata wakiwa sitini. Mungu akujalie mkono mtulivu, akupe na mtu wa kukuuliza maswali mafupi, na kila utakachokisimamisha kibaki wima hata meza ikiruka. Amina.