Vumbi Kwenye Picha ya Nduku

Tangu aanze kazi kiwandani, Nduku amekuwa akibishana na watu juu ya kitu kisichoonekana. Kitu chenyewe ni vumbi la pamba. Kiwanda chetu kiko nje kidogo ya Tulia, tunatenganisha pamba na mbegu zake, na Nduku ndiye aliyekuwa akilisha mashine. Mimi, Kilonzo, nafunga marobota upande wa pili, kwa hivyo haya ninayoyasema nimeyaona kwa macho yangu, na asiyetaka kuamini shauri yake.

Nduku alizaliwa Kalamba, akaolewa huku. Mumewe, Mulwa, alikwenda Mtito Andei kufanya kazi kwenye kituo cha petroli, na anachotuma nyumbani zaidi ni salamu. Ndiyo maana mama huyu akaja kuomba kazi.

Kanisani alikuwa akiimba mpaka mchungaji anasahau alichotaka kusema. Siku hizi pumzi humwishia kabla hajamaliza ubeti. Akipanda kile kilima cha kutoka kisimani husimama njiani, anajifanya anarekebisha kiatu. Alimwomba meneja wetu, Bwana Kanyi, amhamishie kwenye mizani ya kupimia pamba, ambayo iko nje kwenye hewa. Kanyi si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi. Angekuwa mbaya ningemchukia nikatulia. Kila akiombwa, huingia ndani, hutazama huku na huku, kisha husema, "Mama Kathini, mimi sioni kitu. Naona iko sawa tu."

Halafu akaja Wacuka. Alikuwa mpiga picha, msichana mwembamba mwenye begi kubwa kumliko, aliyealikwa apige wafanyakazi picha za kubandika ofisini na kupelekea wanunuzi. Mimi nilidhani nitatabasamu mara moja niende zangu. Kumbe flashi yake haikai juu ya kamera. Inasimama mbali kwenye mguu wake wa chuma, na kamera inaiwasha bila waya. Sakafu yetu hutetemeka mashine zikiwaka, flashi ikawa inayumba kama mlevi, nikapewa mimi niishike.

"Mzee, simama nyuma yake, kando kidogo," Wacuka akaniambia. "Nataka uso utoke kwa giza."

Alitaka watu wafanye kazi kweli, si kuigiza. Nikainua flashi nyuma ya bega la Nduku, ikapiga. Wacuka akatazama kioo cha kamera. Kisha akatuita tuone.

Jamani! Nduku alikuwa katikati, mikono imejaa pamba, na hewa yote iliyomzunguka ilikuwa nyuzi na unga mweupe, kama uko ndani ya posho mill inayosaga mahindi. Unga ulikuwa kwenye nyusi zake. Ulikuwa mbele ya mdomo wake, unamngoja avute pumzi. Sote tulikuwa tumefanya kazi humo miaka na hakuna aliyewahi kuiona hewa yetu, mpaka taa ilipotoka nyuma. Nduku akacheka kwa furaha, akanishika mkono.

"Kilonzo, si unaona? Si nilikuwa nasema?"

Kanyi akaja akaitazama ile picha. Nilimwona akijifuta jasho.

"Hii haiwezi toka," akasema. "Wanunuzi wakiona hii kiwanda kinafungwa, tunakosa kazi. Sisi wote."

Wacuka akajibu kwamba picha ni ya Nduku, na Nduku ndiye atakayeamua. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa na gari linalokungoja nje. Wenzetu walikuwa wameacha kazi, wanamtazama Nduku, na hakuna aliyethubutu kumuunga mkono. Hata mimi nina watoto shuleni.

Kanyi akashusha sauti. "Mama Kathini, Jumatatu unaenda mizani. Nimekubali. Lakini hiyo taa ikuje mbele."

Nduku aliinamisha kichwa. Nilimhurumia, na papo hapo nikaomba moyoni akubali.

"Kilonzo," akasema, "kuja mbele."

Wacuka alifanya kazi hiyo shingo upande. Alifunga mwavuli mweupe kwenye flashi, nikasimama karibu na kamera yake. Taa ikimpiga mtu usoni hivyo, vumbi lote linapotea. Nduku akafuta uso, akatabasamu. Picha ilitoka nzuri, siwezi kukataa. Ilibandikwa ofisini, ikaingia kwenye simu za watu, mpaka kundi la WhatsApp la kanisa.

Jumatatu nilimkuta mizani, nje, jua la asubuhi likimpiga mgongoni, nikafurahi kwa dhati. Kisha nikaingia ndani. Mbele ya mashine alikuwa Kathini, binti yake, akijifunga aproni. Nafasi ilikuwa wazi, na Kanyi, kwa ule wema wake, alikuwa amempigia msichana simu mwenyewe.

Mtu alimwambia Nduku. Akaja mbio, na mbio zake ni za kusimamasimama.

"Toka hapa. Rudi nyumbani."

"Mum, nirudi nikafanye nini? Si nimekaa huko tangu nimalize shule?"

"Kathini, hapa kuna vumbi. Vumbi mbaya."

"Gani tena?" Msichana alicheka. "Si nimeona picha yako? Hapa ni pasafi."

Kanyi alikuwa amesimama mlangoni, anasikia kila neno. Nduku akamwona, akatazama mizani kule nje. Alivua leso yake kichwani, akamfunga bintiye puani na mdomoni, akakaza fundo kwa nguvu.

Kathini akaivuta chini kwa kidole. "Mbona wewe kwa picha hukuvaa?"

Mashine ikawashwa. Nduku akarudi mizani.