Vyuma vya Meno na Kijicho Changu

Miaka ya hamsini mama yangu alikuwa yaya mjini Thika, kwa Mhindi mwenye duka la vitambaa, nasi tulikaa katika chumba cha uani. Binti wa nyumba ile alinizidi mwaka mmoja. Siku aliporudi kutoka Nairobi na vyuma mdomoni, kila jino limevishwa pete yake na waya umepita mbele ya yote, nilimchukia papo hapo.

Nisifiche, meno yangu yalikuwa mabaya kuliko yake. Jino moja la pembeni lilikuwa limempanda mwenzake, wala hakuna aliyewahi kuniambia nifungue mdomo alitazame. Yeye alipelekwa kwa daktari kila mwezi kwa motokaa ya baba yake, na akirudi nyumba nzima ilimwinamia, fungua tuone. Hata mama yangu, mama yangu mimi, alimpondea ndizi ale bila kuumia. Nilichukua karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, nikayafunika meno ya mbele, nikajitazama kwenye kioo cha dirisha. Mama akaniambia nitoe takataka mdomoni nikamenye viazi.

Kisha fizi zake zikaanza kutoa damu. Aliniita kwenye bomba la uani, akanionyesha mswaki wake wa dukani ulivyokuwa mwekundu.

"Damu natoka kila siku. Mama kiona, tapiga mimi. Cucu yako najua dawa. Mimi fanya nini?"

Cucu, yaani nyanya yangu, aliishi Ruiru kwenye mashamba ya kahawa. Kila nilipomtembelea alinitafunisha kijiti mpaka kikatoka nyuzi, kisha akasimama kuangalia nikisugua. Ufizi ukitoa damu hakukubali niache. Alisema damu ndiyo inayokuonyesha uchafu ulipojificha, sugua hapo hapo polepole mpaka ikome. Kwa hiyo jibu nilikuwa nalo.

"Acha mswaki kabisa," nikamwambia. "Kidonda hakiguswi. Cucu alisema hivyo."

Aliniamini. Kila asubuhi aliulowesha mswaki kwa maji ili mama yake asijue, akaurudisha kikombeni. Fizi zikavimba, zikawa nyekundu kama nyama mbichi, halafu zikaanza kukua. Zikazifunika zile pete mpaka chuma kikaonekana nusu, kisha kidogo tu. Akaacha kucheka. Kinywa kikawa na harufu, na wageni wakaacha kumwambia afungue. Mimi nilikula vizuri sana wiki zile.

Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako. Hakuna aliyenishuku.

Hatimaye baba yake alimpeleka tena Nairobi. Daktari akavitoa vyuma vyote, akazikata fizi zilizozidi. Alirudi na kitambaa mdomoni, meno yamepinda vile vile kama zamani. Daktari alikuwa amewaambia kwamba meno hayakusafishwa. Mama yake akamsimamisha uani mbele yetu, mama yangu ameshika karai la maji ya chumvi, mimi kikombe, akamuuliza kwa Kiswahili ili nasi tusikie.

"Nani nasema wewe acha mswaki?"

Angenitaja, mama angefukuzwa kazi siku hiyo hiyo, nasi tungeondoka Thika na vyombo kichwani.

"Hapana mtu," binti akasema. "Mimi vivu tu."

Akapigwa kofi la bega, na mama yake akaingia ndani. Mama yangu naye akaenda kuongeza maji ya moto. Tulipobaki wawili, binti alikitoa kitambaa, akasema kwa shida:

"Wewe hapana ogopa. Mimi najua, wewe nataka saidia mimi."

Hata dakika ile nilimwonea wivu, kwa kuwa yeye hakuwa na la kunificha. Nikasema ndiyo, nilitaka kumsaidia, nikamshikia kikombe asukutue.