Skrubu Nne za Serikali

Jumanne nilikuwa kwenye foleni katika ofisi moja ya serikali hapa Kitengela, nyuma ya mama aliyetoka Isinya kuchukua barua ya kumruhusu kurithi shamba la marehemu mumewe. Kompyuta ilikuwa ikiwekewa mfumo mpya kwa CD. Kila ikifika katikati inakwama na kuandika kwamba memori ina hitilafu.

"Imejaa," karani akasema, akaanza kufuta barua za watu zilizohifadhiwa humo ili apate nafasi.

Fundi, msichana aliyeitwa kutoka chuo cha kompyuta ng'ambo ya barabara, akaruka. "Mzee, wacha! Barua haziko na shida. Ni kibao cha memori kimelegea huko ndani. Nifungue tu hizi skrubu nne, nikisukume kirudi mahali pake."

Karani akagonga kwa kalamu stika iliyobandikwa ubavuni mwa kompyuta. "Hii ni mali ya serikali. Haifunguliwi bila barua kutoka makao makuu ya wilaya, Kajiado."

Akaendelea kufuta mpaka akamaliza. Kompyuta ikakwama palepale.

"Na barua yangu?" mama akauliza.

"Imeenda na zingine, mama. Rudi kwa chifu uanze upya."

Mama alifunga kitambulisho chake kwenye pindo la leso, polepole, akatoka. Aliyepiga kelele ni mimi, na askari wa mlangoni akanitoa nje.

Basi, mkubwa yeyote wa Kajiado anijibu hili. Kufungua skrubu nne kunataka ruhusa ya wilaya nzima. Kufuta haki ya mjane kulitaka kidole kimoja.