Semahoro Atafuta Cheti cha Kukosa Kazi

Semahoro alikuwa na ng'ombe arobaini na mmoja huko Minembwe, katika milima ya Kivu ya Kusini, Kongo. Aliwajua wote kwa majina, na wengine aliwajua mpaka majina ya bibi zao. Vita vikawamaliza. Alipofika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mwaka 2004 pamoja na mkewe Mukashema na binti yao Benitha, alipewa kiwanja katika kanda ya Juru, majembe mawili na mbegu za maharage. Alishukuru kwa adabu, akayaegemeza majembe ukutani, akasema yeye ni mfugaji.

Miaka saba baadaye jembe moja lilikuwa limelika likabaki kama kijiko. Hilo lilikuwa la Mukashema. La pili lilikuwa bado linang'aa.

Si kwamba Semahoro alikuwa mvivu. Aliamka kabla ya jogoo, kama watu wa ng'ombe wanavyoamka, akafagia ua, akapiga magoti kuomba, halafu akatoka na fimbo yake kwenda kwa kinyozi, ambako wanaume wa Juru walikutana kucheza igisoro. Huo ni mchezo wa ubao wenye mashimo na mbegu, na ukicheza vizuri unamaliza siku nzima. Semahoro alicheza vizuri sana. Mtu akimuuliza habari za kazi, alijibu kwa masikitiko, "Kazi hakuna, ndugu yangu. Tumekosa kazi." Alilisema hilo kwa uzito fulani, kama mtu anayetaja cheo chake.

Mwezi wa saba mwaka 2011 cheo hicho kilivuliwa.

Aliyekivua alikuwa jirani yake Sidonie, mwalimu wa zamani wa Uvira. Ofisi moja ya utafiti ya mjini Mbarara ilikuwa imemwajiri kwa kazi mbili. Kila Ijumaa alizunguka sokoni na orodha ya vitu kumi na viwili, vilevile kila wiki, kuanzia unga wa muhogo mpaka kipande cha sabuni, akiandika bei ya kila kimoja. Na mara moja kwa mwezi alipita kwa watu wazima sitini, walewale, akiwauliza habari za kazi. Mukashema na Semahoro walikuwa wa kumi na wa kumi na moja.

Alianza na Mukashema.

"Mama Benitha, mu hizi siku saba ulitumika kazi, hata saa moja?"

"Nililima. Nikauzisha maharage ku soko. Nikachota maji, nikapika, nikafua."

Sidonie akatia alama. "Wewe ni mwenye kazi. Kulima na kuuzisha, basi. Maji na kupika haina fasi mu hii karatasi."

"Haina fasi?"

"Haina."

"Basi hiyo karatasi iliandikwa na mwanaume," Mukashema alisema, akaendelea kuchambua maharage.

Sidonie akamgeukia Semahoro. "Papa Benitha, mu hizi siku saba ulitumika kazi, hata saa moja?"

"Hapana. Miye nimekosa kazi," alijibu, akijiweka sawa juu ya kigoda.

"Na mu hii mwezi, ulitafuta kazi fasi yoyote?"

"Nitafute wapi? Kazi zenyewe haziko."

Sidonie akatia alama na kufunga daftari. Semahoro, aliyekuwa akichungulia, aliona kwamba alama yake haikuwekwa katika safu ya katikati, ile yenye maneno "wasio na kazi". Iliwekwa pembeni kabisa.

"Madamu Sidonie, umekosea mustari."

"Sikukosea. Mutu mwenye kukosa kazi ni ule anatafuta, anakosa. Weye hautafuti. Uko inje ya nguvukazi."

"Inje na nani?"

Sidonie alisita, lakini alikuwa mwalimu na hakuzoea kudanganya. "Na banafunzi. Na bagonjwa. Na Mama Miriamu."

Mama Miriamu alikuwa na miaka tisini na miwili na alikuwa kipofu.

Mukashema aliinamia maharage yake. Mabega yalikuwa yakimtikisika.

Siku ile Semahoro hakwenda kwa kinyozi. Alikaa nyumbani akilisumbukia neno lile. Kunyang'anywa ng'ombe alikuwa amevumilia. Kuitwa mkimbizi alikuwa amezoea. Lakini kukataliwa hata na wasio na kazi, kundi ambalo halina mlango wala mlinzi, hilo lilimzidi. Jioni alimwendea Sidonie na kumwomba amwandike upya.

"Siwezi," Sidonie alisema. "Lakini nitarudi mwezi kesho na maulizo ileile. Ukiwa umetafuta kazi, nitakuandika pale unapenda."

"Kutafuta tu?"

"Kutafuta, na kuwa tayari kuanza ukiipata."

Semahoro alilisikia neno la kwanza vizuri kuliko la pili. Alimwita Benitha, aliyekuwa na mwandiko mzuri, akamwambia aandike kwenye karatasi ya daftari: "Sisi wenye kutia sahihi hapa tunahakikisha kwamba Semahoro wa Juru alikuja kwetu kuomba kazi na tukamnyima." Chini yake akamwambia apige mistari mitatu. Alikuwa mtu wa kanisa, alijua ushahidi wa mmoja hautoshi.

Wiki iliyofuata akapata nafasi juu ya lori la mahindi mpaka Mbarara. Alivaa koti lake la Jumapili na kofia, fimbo mkononi. Duka la kwanza aliloingia liliuza mabati na misumari. Mwenye duka alitia sahihi bila kuinua macho. Mahali pa pili palikuwa kibanda cha kukusanyia maziwa, na mama aliyekuwepo hakumnyima kazi tu, alimpigia na muhuri. Semahoro aliutazama muhuri ule wa bluu kwa furaha kubwa. Ilikuwa bado saa nne asubuhi, na kazi ilikuwa karibu kwisha.

Kwa sahihi ya tatu alikwenda Ruti, kwenye barabara ya Kabale, kwa sababu ndiko lori lingempitia kurudi. Aliona lango la bati, akabisha. Aliyefungua alikuwa mzee mmoja mnene, mwanajeshi mstaafu aitwaye Ngabo, mwenye ng'ombe kumi na wanane wa maziwa na hasira asubuhi ile.

"Wewe nataka nini?" aliuliza kwa Kiswahili chake cha jeshini, ambacho mimi, wewe na yeye wote ni "na".

"Naomba kazi, Afande," Semahoro alisema, akimnyoshea karatasi na kalamu.

Ngabo hakuipokea. Nyuma yake ng'ombe mweusi mwenye mabaka meupe alikuwa amempiga teke mkamuaji, na ndoo ilikuwa imepinduka. Ndama wake alikuwa amekufa tangu juzi, na tangu juzi ng'ombe alikuwa amekataa kutoa hata tone.

Semahoro alijiambia asitazame. Alitazama. Alijiambia asiseme kitu. "Afande, ngozi ya ule ndama iko wapi?"

"Iko pale nyuma. Ya nini?"

"Balete. Na chumvi kidogo."

Akavua koti la Jumapili akalitundika langoni. Aliinyunyizia ngozi maji ya chumvi, akaiweka mbele ya ng'ombe, akakaa karibu na shingo yake akimnong'onezea kwa Kinyamulenge, lugha ya kwao, majina ya sifa aliyokuwa hajamwimbia ng'ombe yeyote kwa miaka saba. Ng'ombe alinusa harufu ya ndama wake kwenye ngozi, akailamba, akailamba tena. Mkamuaji alirudi taratibu. Maziwa yakaanza kugonga ndoo.

Semahoro aligundua kwamba alikuwa analia, akajifanya anafuta jasho.

"Wewe naanza kesho," Ngabo alisema. "Nalipa elfu tisini kwa mwezi. Nalala hapa, nakula hapa."

Hapo ndipo Semahoro alipoikumbuka karatasi. "Afande, miye nilikuwa naomba unikatalie."

"Nini?"

"Unikatalie, utie sahihi hapa. Nitarudi kuomba tena kiisha mwezi."

Ngabo aliisoma karatasi mara mbili, midomo ikitembea. Alikuwa ameona watu wengi jeshini, lakini wa namna hii hakuwahi kumwona. "Sasa wewe mzee, nataka kazi ama hapana taka kazi?"

Semahoro alimtazama ng'ombe mweusi. Ng'ombe naye alikuwa anamtazama yeye.

"Nataka," alisema, na sauti yake ilitoka ndogo.

Sidonie alipopita mwezi wa nane alimkuta Semahoro nyumbani kwa siku mbili za mapumziko, akinuka maziwa na moshi. Alimtia alama katika safu ya kwanza, wenye kazi. Semahoro aliuliza kama isingewezekana kuandikwa kotekote, kwa kuwa alikuwa na sahihi mbili na muhuri. Haikuwezekana.

Lakini habari zilikuwa zimefika kwa kinyozi kabla Sidonie hajaanza kuzunguka na daftari mwezi ule, nazo zilikuwa zimekua njiani. Ilisemekana Semahoro alikwenda Mbarara kukataliwa akarudi ameajiriwa. Wanaume wakatazamana juu ya ubao wa igisoro. Kama mtu anaweza kupata kazi kwa bahati mbaya, akitafuta kwa makusudi itakuwaje? Kalume, fundi seremala aliyetengeneza kiti kimoja tu tangu afike Nakivale, alipanda baiskeli mpaka Kikagate kuulizia kazi ya kupakia mizigo mpakani. Gervais aliomba kazi kwenye mashine ya kusaga. Wengine waliazima koti la Semahoro kwa zamu.

Wiki mbili baada ya Sidonie kupeleka hesabu za mwezi wa nane, gari jeupe lilikuja Juru kwa kasi, likasimama mbele ya nyumba ya Sidonie. Akashuka Bibi Kampire, msimamizi wake kutoka Mbarara, karatasi mkononi.

"Madam Sidonie, hapa Juru kumetokea nini? Kuna ugonjwa? Mvua ya mawe?"

"Hapana kitu, Madamu."

"Mwezi wa saba wasio na kazi walikuwa asilimia kumi. Mwezi wa nane asilimia ishirini na saba. Hii ni balaa. Bosi nasema lazima niandike ripoti."

Sidonie alimketisha, akamletea chai isiyo na sukari kwa sababu sukari ilikuwa imepanda, akafungua daftari. Mwezi wa saba, kati ya watu sitini, thelathini na sita walikuwa na kazi, wanne walikuwa wakitafuta, na ishirini walikuwa wamekaa. Hao waliokaa hawahesabiwi, kwa hiyo wanne waligawanywa kwa arobaini. Mwezi wa nane wenye kazi walikuwa thelathini na wanane.

"Wameongezeka," Bibi Kampire alisema.

"Beko babiri zaidi. Lakini kumi na bawili walitoka kwa kinyozi. Babiri walipata, Semahoro na Gervais. Kumi banatafuta mpaka leo. Kwa hiyo sasa benye kutafuta ni kumi na bane, katika hamsini na mbili."

Bibi Kampire alipiga hesabu kwa kidole juu ya goti lake. Alikuwa amesoma jambo hilo chuoni na kulijibu katika mtihani, lakini hakuwahi kufikiri kwamba lingekuwa na nyumba na baiskeli.

"Kwa hiyo kazi zimeongezeka, na ukosefu wa kazi umeongezeka."

"Ndiyo, Madamu. Batu baliamka."

Bibi Kampire aliomba aonyeshwe. Wakatembea mpaka kwa kinyozi. Kinyozi alikuwa peke yake, akicheza igisoro mkono wa kulia dhidi ya wa kushoto, na alilalamika kwamba maswali ya Sidonie yamemharibia biashara. Bibi Kampire alimwandika pia katika ripoti yake.

Semahoro hakulijua lolote kati ya hayo. Yeye alikuwa na matatizo ya mwenye kazi. Mwezi wa kumi na moja Ngabo alimwongeza mshahara ukawa elfu tisini na tano, naye akarudi Juru akitembea katikati ya barabara. Alimpitia Sidonie kumpa habari njema.

Sidonie alimpongeza, halafu, kwa kuwa hakuweza kujizuia, akafungua daftari la sokoni. Kikapu cha vitu vyake kumi na viwili kilikuwa shilingi elfu ishirini mwezi wa nane. Sasa kilikuwa elfu ishirini na tano.

"Papa Benitha, elfu tisini yako ya kwanza ilikuwa inanunua vikapu vine na nusu. Hii elfu tisini na tano haifikishe hata vine."

Semahoro alitazama noti zake. Zilikuwa nyingi kuliko za mwanzo, hilo aliliona kwa macho. "Kwa hiyo Afande ameniongeza akanipunguza?"

"Si yeye. Ni bei."

Alizihesabu tena, kisha akauliza swali ambalo Sidonie alilisimulia ofisini Mbarara kwa miaka. "Na maziwa, iko mu kile kikapu?"

Yalikuwamo. Nayo yalikuwa yamepanda bei kama vingine.

Jumatatu Semahoro alisimama mbele ya Ngabo na kuomba alipwe nusu kwa maziwa: lita mbili kila siku, bei iwe yoyote. Ngabo alicheka, akakubali. Mukashema akatafuta mnunuzi wa maziwa hayo palepale Ruti, akanunua jembe jipya, na kwa miezi mitano wakaishi vizuri kuliko walivyowahi kuishi Uganda. Halafu mvua za mwezi wa nne zikanyesha, majani yakaota kila mahali, kila ng'ombe wa Ankole akajaza ndoo, na bei ya maziwa ikaanguka mpaka mnunuzi akawa anajificha. Semahoro alirudi kwa Ngabo akiwa ameshika kofia mkononi, kuomba hela zake.

"Wewe mzee," Ngabo alisema, "kila mara nataka kitu ingine." Lakini mchana ule ng'ombe watatu walikuwa wanakaribia kuzaa, na hakuna mtu mwingine pale Ruti ambaye angekaa nao. Wakaelewana: maziwa wakati wa kiangazi, fedha wakati wa mvua.

Semahoro alikaa kwa Ngabo mpaka mwaka 2015. Mwaka wa tatu alipewa mtamba mmoja, mweusi mwenye mabaka, badala ya nyongeza. Alimleta Juru kwa miguu, mwendo wa siku tatu, kwa sababu alisema kumpakia garini ni kumwaibisha. Alimpa jina refu sana, ambalo Mukashema alilifupisha siku hiyohiyo ili aweze kumwita shambani atoke kwenye maharage yake.