Vishikwambi na Gurudumu la Spea

Siku yangu ya kwanza kazini Kitale, Karani Mkuu wa Ununuzi alinipa kiti kibovu na siri ya kazi. Zabuni, kwenu mnaosoma leo, ni pale serikali inapotangaza kitu inachotaka kununua na wafanyabiashara wakashindana kukiuza. Kitu chenyewe huelezwa kwenye ukurasa wa vigezo. "Usijisumbue kuandika vigezo, kijana," aliniambia. "Chukua faili ya mwaka jana, badilisha jina. Hakuna mtu husoma." Niliifuata siri hiyo hadi ndevu zikaingia mvi, na nikapandishwa cheo mara mbili.

Nikahamishiwa Bungoma. Huko ndiko amri ilikotukuta: wakulima wote wasajiliwe kidijitali kabla ya mvua ya kupanda, la sivyo wakose mbolea ya bei nafuu. Tulihitaji vishikwambi, zile simu pana kama kitabu. Faili lililokuwa karibu na mkono wangu lilikuwa la pikapu. Nikafuta "pikapu", nikaandika "vishikwambi", nikabandika kigezo cha programu kutoka faili jingine, nikaenda kunywa chai. Kamati ya tathmini, ambayo kazi yake ni kupima nani ametimiza vigezo, ikatia sahihi. Mkuu wa Ununuzi wa Bungoma naye akatia yake.

Mzigo ulipofika, Mwenyekiti wa Kamati ya Ukaguzi, mwalimu wa zamani asiyejua mzaha, alivaa miwani akasoma vigezo. Ndiye binadamu wa kwanza kusoma.

"Magurudumu manne iko wapi?" aliuliza. "Na spea?"

"Mwenyekiti, hiyo ni makosa ya kuandika tu, bana," Mkuu alijaribu.

"Si mlisaini? Mimi siwezi pokea kitu nusu. Ama mtangaze upya."

Kutangaza upya kungekula wiki nyingi, na mawingu yalishaanza kukusanyika upande wa Mlima Elgon. Watu wangepanda bila mbolea kwa sababu ya uvivu wangu. Niliona aibu kweli.

Mshindi wa zabuni, Mama Njeri wa Kibomet, kule Kitale, hakutuuliza swali hata moja. Alirudi navyo vishikwambi nyumbani, na siku ya tatu akatuletea tena juu ya mkokoteni uliochomelewa na mafundi wa jua kali, wale wa karakana za kando ya barabara: magurudumu manne, na la tano limefungwa nyuma kwa waya. Mwenyekiti alilipiga teke lile la tano, akaridhika, akatia sahihi.

Tukaenda Kimilili kusajili watu, kifua mbele. Programu ya vishikwambi ilitaka alama ya kidole gumba, kwa kuwa kigezo hicho nilikiokota kwenye faili la mashine ya mahudhurio ya makarani. Wa kwanza kwenye foleni, mkulima aitwaye Mama Nekesa, aliweka kidole. Mashine ikakataa. Akaweka kingine, ikakataa tena. Jembe lilikuwa limefuta alama zote, na nyuma yake palikuwa na foleni nzima ya mikono kama yake.

"Ati nitakosa mbolea juu nimelima sana?" aliuliza. "Si mngekuja muangalie mikono yetu kabla mnunue?"

Nilichukua daftari na kalamu, nikamwandika yeye na foleni yote, Mkuu akaligonga daftari muhuri, na mbolea wakaipata.

Zabuni iliyofuata niliiandikia pale pale Kimilili, nimekalia kreti la soda sokoni, Mkuu kando yangu na wakulima wametuzunguka. Mkuu alisalimia kila mmoja kwa mkono, akanigeukia. "Toa hii mambo ya vidole. Weka kitambulisho, basi." Leo wataalamu huita jambo hilo mageuzi ya huduma za kidijitali, na hulifanyia semina hotelini. Sisi tulilifanya kwa mahindi ya kuchoma. Ndiyo kazi niliyoifanya vizuri kuliko zote, na najuta kwamba nilikuwa nimebakisha mwaka mmoja tu kabla ya kustaafu.

Nimestaafu sasa, nalima Endebess. Msimu huu nilikwenda kujisajili nikiwa na bahasha ya vyeti, barua ya chifu na picha nne za pasipoti. Karani aliuliza nambari ya kitambulisho, akabonyeza kishikwambi, akaniambia asante. Nikabaki dirishani nikingoja aniulize kitu kingine.

"Mzee, si umemaliza?" mama wa nyuma yangu akasema. "Sogea basi, na sisi tuna mashamba."