Siku Niliyomuuliza Yaya

Yaya alikuja kwangu asubuhi, nikiwa naanika mahindi, akaweka msumeno na randa juu ya turubai. Kwetu Kivu Kusini yaya ni ndugu aliyekutangulia kuzaliwa, na huyu wangu ni seremala. Milango mingi ya mtaa wetu hapa Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda, imepita mikononi mwake.

"Mpe shemeji," alisema, yaani mume wangu. "Mimi sitavihitaji tena."

Nikashukuru. Hilo linaniuma mpaka leo, kwamba kwanza nilishukuru.

Kwa wiki nyingi alikuwa halali. Alikonda, aliacha kanisa, ukimsalimu anakujibu kwa neno moja. Asubuhi ile alikuwa ametulia, amenyoa ndevu, akaniomba radhi kwa ugomvi ambao mimi nilishausahau. Utulivu ule ndio ulionitisha. Alipofika njiani niliacha mahindi na kuku wakiyatazama, nikamkimbilia.

"Yaya, simama."

Tangu utoto nilisikia kwamba jambo lile halitajwi, kwamba kulitaja ni kuliita. Lakini mama mmoja wa kujitolea kutoka kituo cha afya aliwahi kutufundisha kuwa kumuuliza mtu hakumpi wazo ambalo hana. Kunampa nafasi ya kusema. Siku ile tulimcheka. Sasa nikayafuata maneno yake.

"Unataka kujiua?"

Boda boda ikapita, tukasubiri vumbi litulie. Hakunitazama.

"Ndiyo," alisema. "Nimechoka, mdogo wangu. Sioni fasi ya kupumuzika."

Nilitaka kumwambia habari za Mungu, za marehemu mama, za watoto wangu wanaompenda. Yote yalinijia mdomoni kwa pamoja, nikayameza. "Asante kwa kuniambia," nilisema. "Leo sikuachi hata hatua moja." Nikamuuliza kama kuna kitu alichokiandaa. Kilikuwepo. Tulikwenda naye nyumbani kwake, akakitoa mwenyewe, mume wangu, niliyekuwa nimemwita, akakipeleka mbali. Sitakitaja.

Kisha tukashika njia ya kituo cha afya, mimi nimemshika mkono kama mtoto. Njiani tulikutana na shemasi wetu. Alinisikiliza kidogo tu, akatikisa kichwa. "Mtu wa Mungu hawezi kuwaza hivyo. Hilo ni pepo." Nikausikia mkono wa yaya ukijivuta kutoka kwangu.

"Baba, utuombee huku tukienda," nilimjibu, nikaukaza mkono. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa na woga kwamba neno lile moja limebomoa kila kitu.

Muuguzi hakushtuka wala hakuhubiri. Alimsikiliza yaya, akaandika barua, tukapandishwa gari la wagonjwa kwenda Mbarara. Garini yaya alikaa karibu na mlango. Nilimwomba abadilishane nami nafasi, akabadilisha, na safari nzima sikuondoa macho kwake.

Hospitalini daktari alizungumza Kiingereza na Kinyankore, sisi hatujui hata kimoja. Kwenye benchi alikuwapo mama mmoja, mke wa askari wa kambi ya jeshi ya Makenke, anayejua Kiswahili cha jeshini, aliyekuwa akimuuguza mama yake. Daktari alimuuliza yaya kama anakubali huyo atafsiri. Akaitikia kwa kichwa.

"Muzee, wewe ongea tu," yule mama alisema. "Mimi nitaambia musawo, daktari huyu, vile unasema, sitaongeza kitu."

Na hakuongeza. Ila katikati aliacha kutafsiri, akamgusa yaya begani. "Hata kaka yangu alikuwa namna hii. Sasa iko, analima." Ndipo yaya akalia, kwa mara ya kwanza tangu tumzike mkewe.

Alilazwa siku kadhaa, nikilala sakafuni kando ya kitanda chake. Tuliporudi, majirani walinidai sababu: ni mke? ni ile safari ya kuhamia ng'ambo aliyoiomba ikakataliwa? ni vita? Sikuwa na sababu moja ya kuwapa. Nilichowaambia ni kwamba alikuwa mgonjwa na anatibiwa, na anayetaka kusaidia aje akae naye. Wengine hawakuja. Jirani yetu Mrundi, Mkatoliki ambaye hatujawahi kusali naye, alikuja kila Jumanne na uji wa mtama, wakakaa wakinyamaza pamoja.

Hakupona kwa mstari ulionyooka. Dawa za kwanza zilimtia usingizi mwingi, zikabadilishwa. Mara mbili alikataa kwenda kwenye kikundi cha wanaume wanaokutana na mshauri, na siku moja alinifokea kwamba namlinda kama mfungwa. Alisema kweli. Tukakubaliana kwamba mimi nitaacha kumchungulia dirishani, naye, siku ikiwa nzito, ataniambia kabla haijamlemea.

Juzi nilikuwa napalilia maharage akanikuta shambani. "Leo ni mbaya," alisema.

Niliweka jembe chini, tukakaa kwenye tuta. "Mbaya kiasi gani?" nikamuuliza, naye akaanza kunieleza.